Mdomo wa Watasema

Fimbo ilikatika kwa pigo la sita. Mzee Sijaona akainama kutafuta nyingine.

Wanaume watatu walisimama kati ya matuta ya mihogo, mikuki mikononi, wakimtazama. Hatua chache kutoka pale wengine wawili walikuwa wamepiga magoti, wakimfunga Halfani paja kwa kipande cha kaniki, na damu ilipenya kitambaani haraka kuliko walivyoweza kufunga. Nguruwe dume alikwisha zama kichakani. Matawi aliyoyapita yalikuwa bado yanatikisika.

"Mjomba," Halfani aliita, meno kayauma kwa maumivu. "Mwache. Inatosha."

Sijaona hakuacha. Aliokota fimbo nyingine, akampiga mbwa mgongoni, akampiga tena. Mbwa hakukimbia. Alijilaza tumbo chini, masikio nyuma, na kila fimbo iliposhuka aligeuza kichwa upande mmoja, kama mtu anayeficha shavu.

"Mwoga!" Sijaona alimwambia. "Ulikwisha mshika! Ulikwisha mshika, ukamwachia!"

Neno lile alilisema kwa sauti kubwa ili wale watatu wasikie. Alitaka wajue ni nani mwoga pale shambani.

Mbwa yule aliitwa Watasema. Sijaona alimpata angali mtoto, kwa kubadilishana na jembe zima, na majirani walipocheka kwamba mtu ametoa jembe akapewa viroboto, yeye akampa mbwa jina hilo: wacha waseme. Hawakusema muda mrefu. Kwa miaka sita hapakuwa na mbwa mfano wake ukingoni mwa Newala. Kazi ya mbwa katika kuwinda nguruwe si kuua. Kazi yake ni kushika: aume mguu wa nyuma, ang'ang'anie, mpaka mwenye mkuki afike. Alichokiuma Watasema kilibaki kimeumwa. Ndiyo maana siku ile Halfani alisogea karibu mno, mkuki kaushusha, bila hofu. Alikuwa anamwamini mbwa wa mjomba wake. Kisha mbwa akatoa mlio mwembamba, akafungua mdomo, na nguruwe akageuka.

Ulikuwa mwaka uliofuata vita vya maji, ile dawa ambayo watu waliambiwa ingegeuza risasi za Wadachi wa Ujerumani kuwa matone. Haikugeuza. Askari walipita baadaye wakikomba mtama maghalani. Mashamba mengi hayakuwa na wenyewe tena. Nguruwe waliyarithi, wakazaana humo. Kilichobaki kwa watu ni mihogo, na mihogo ililindwa na mbwa wachache ambao chui na njaa walikuwa hawajawamaliza.

Walimbeba Halfani kwa machela ya matawi mpaka kwa mama yake. Pili, dada mkubwa wa Sijaona, alikuwa akitwanga mihogo mikavu uani. Aliiona machela ikija, akauegemeza mchi ukutani polepole. Hakupiga yowe. Alichemsha maji kidogo aliyokuwa nayo, maji ya kubebwa kichwani kutoka bondeni, akaosha jeraha, akalijaza majani aliyoyatafuna mwenyewe. Ndipo akamgeukia mdogo wake.

"Mwanangu alikwenda vitani akarudi mzima," alisema, na ndonya, kile kipande cha mti katika mdomo wake wa juu, ikatikisika. "Risasi zilimkosa. Leo ananijia hivi, kwa sababu ya mbwa."

"Nimempiga, dada."

"Sikukuuliza kama umempiga."

Sijaona alitazama chini. Kwa mila yao Halfani alikuwa wake kuliko alivyokuwa wa baba yake. Mtoto wa dada ndiye mrithi, ndiye atakayekushika mkono ukizeeka na kukuzika ukifa.

"Kesho jua likisimama juu ya paa hili," Pili alisema, "nisisikie kwamba mnyama huyo yu hai."

"Sawa, dada."

Asubuhi Sijaona aliketi kwenye kigogo mbele ya nyumba yake, akapiga mswaki. Hilo alilifanya kila siku ya Mungu. Meno yake ya mbele yalichongwa alipokuwa kijana, nayo yalikuwa fahari yake. Hata sasa, na mvi kichwani, hakuwa na jino hata moja bovu. Alitafuna ncha ya kijiti mpaka ikawa nyuzi, akasugua mbele, akasugua nyuma, akatema, akasukutua kwa funda moja tu la maji. Watasema alikuwa ameketi mbele yake, kama alivyoketi kila asubuhi, akimtazama.

Mkewe Siti alitoka jikoni na bonge la ugali wa mihogo. "Mpe ale. Asiende na njaa."

Mbwa alilinusa, akalichukua kwa upande mmoja wa mdomo, akatafuna mara mbili. Likamdondoka. Akabaki kulilamba.

"Hali chakula siku hizi," Siti alisema. "Nilikwambia tangu wakati wa mavuno. Na mdomo wake unanuka."

"Mbwa hunuka."

"Si hivi. Wewe mwenyewe ulimfukuza jikoni kwa harufu hiyo."

Sijaona alichukua kamba na panga, akaondoka.

Hakutaka kumuulia kijijini. Hakutaka macho ya watu. Akaishika njia ya wanawake, ile inayotelemka ukingo wa uwanda kuelekea bonde la Ruvuma, kwenye maji. Alipishana nao wakipanda, mitungi kichwani, jasho likiwachuruzika shingoni. Walisogea kando apite. Hakuna aliyemwamkia; habari ya Halfani ilikwisha enea. Mbwa alimfuata nyuma, kamba ikiwa imelegea. Sijaona alitamani angekaidi, angalau apate sababu ya kumvuta.

Juu kidogo ya chemchemi, nyuma ya miamba, alisikia mtu akizungumza kwa upole.

"Fungua. Fungua, baba. Bado huku nyuma. Huku nyuma ndiko kwenye uchafu."

Akachungulia. Mwanamume wa makamo, kofia nyeupe kichwani, alikuwa ameketi chini, na kati ya magoti yake alishika kichwa cha mbwa mkubwa mweusi wa Kizungu. Kidole chake alikiviringishia kitambaa, nacho kilikuwa ndani ya kinywa cha yule mbwa, kikisugua meno. Kando yake palikuwa na kigae chenye mkaa uliosagwa na chumvi kidogo.

Yule mtu alipomwona Sijaona alichomoa kidole kama aliyefumaniwa.

"Shikamoo, kaka," alisema haraka.

"Marahaba. Usishtuke, napita tu."

"Mimi naitwa Hamidu, Myao wa Masasi. Mbwa huyu ni wa bwana wa kambi ya Wadachi, kule juu Newala." Alitazama njia kama kuna wengine wanaokuja. "Nakuomba, kaka, uliyoyaona hapa yaache hapa hapa. Wakwe zangu wanajua mimi ni mpishi. Wakisikia mkono wangu hushinda ndani ya mdomo wa mbwa, hawatakula tena nami sahani moja."

"Lakini unamfanya nini?"

"Nampiga mswaki." Hamidu alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Ndiyo, mswaki. Bwana alinifundisha. Mwanzo niliona ni upuuzi, nikaacha. Leo nikaacha, kesho nikaacha, miezi ikapita. Jino likamuuma mbwa, akakataa chakula. Bwana akanilaza chini, nikala hamsa ishirini. Viboko ishirini na tano, kaka, kwa ajili ya jino la mbwa! Nikamchukia mnyama huyu. Lakini mgongo wangu ulipoa siku ya kumi, naye bado alikuwa analia. Nikamwonea huruma. Sasa hata bwana akisafiri, mimi namsugua. Kila siku. Kidogo kidogo, kabla uchafu haujawa jiwe."

"Na kwa nini ushuke huku mbali?"

"Mate ya mbwa ni najisi kwangu. Lazima nioshe mara saba, moja kwa udongo. Huko juu maji ya kuosha mara saba nitayapata kwa nani?"

Sijaona alikaribia kucheka. Hamidu akaitazama kamba, akalitazama panga, kisha akamtazama Watasema, aliyekuwa amesimama kichwa upande.

"Na huyo wako unampeleka wapi?"

"Kufa."

"Amefanya nini?"

Sijaona akamweleza: nguruwe, paja la Halfani, neno la dada yake. Hamidu alisikiliza mpaka mwisho.

"Mlete hapa," alisema.

Alimshika Watasema taya, akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba, na mara akarudisha uso nyuma kwa harufu. Alitulia, akatazama tena. "Kaka, njoo uone."

Sijaona alichuchumaa. Miaka sita aliishi na mbwa yule. Alizijua nyayo zake kati ya nyayo za mbwa kumi, aliijua sauti yake akifukuza paa na sauti yake akinusa chui. Ndani ya mdomo wake hakuwahi kutazama hata siku moja. Aliona meno ya nyuma yamevikwa ukoga mgumu, rangi ya kutu. Aliona ufizi mwekundu uliovimba na kujitenga na meno. Na juu, upande ule mbwa aliokuwa akiuficha, jino la chonge lilikuwa limevunjika katikati, limegeuka jeusi. Hamidu aligusa kidogo tu pembeni yake, usaha ukatoka. Watasema alitetemeka mwili mzima, lakini hakumuuma.

"Huyu hakuachia," Hamidu alisema. "Huyu alishindwa. Wewe ungemuuma nguruwe kwa jino kama hili?"

Sijaona aliupitisha ulimi juu ya meno yake mwenyewe.

"Ukoga huu ni wa miaka. Ungemsugua tangu mtoto usingekuwapo. Ila hili la mbele halikuoza lenyewe, lilivunjika kwanza. Ni la zamani, pengine mwaka mzima. Aliuma nini? Jiwe? Chuma?"

"Sijui," Sijaona alisema.

Lakini alijua.

Mwaka uliopita, vijana walipokunywa dawa na kujiandaa kushuka kwa njia ya Lulindi kwenda kupigana Masasi, walipita nyumba kwa nyumba wakiwaita wanaume. Sijaona hakuiamini dawa ile. Hakusimama kusema hivyo mbele za watu. Alimchukua mbwa wake, akaingia naye katika kichaka kizito nyuma ya mashamba, akakaa humo siku tatu. Alimfunga mbwa mdomo kwa kamba asibweke. Siku ya pili kamba ililegea, na wakati ule ule sauti ya Halfani ikasikika njiani: "Mjomba! Mjomba!" Watasema alimpenda Halfani, alitaka kuitika. Sijaona akamsukumia mpini wa panga kati ya meno, akamkandamiza kichwa chini kwa goti, kwa uzito wake wote, mpaka hatua za vijana zikapotea. Alisikia kitu kikikatika. Alijiambia ni kijiti. Alipouondoa mpini mbwa alitema damu, naye akamfuta kwa majani.

Halfani alirudi baada ya siku ishirini. Wanne aliokwenda nao hawakurudi. Aliuliza, "Ulikuwa wapi, mjomba?" Sijaona akasema alikuwa Kitangari, kwa wakwe zake, kulikuwa na mgonjwa. Halfani aliamini.

"Kaka," Hamidu alisema. "Nitaling'oa. Nina koleo dogo la bwana. Lakini mshike wewe, mtu wake ni wewe."

Sijaona alimlaza mbwa, akamshika kichwa. Mikono yake iliijua namna ile ya kushika. Aligeuza uso kando. Chonge lilitoka kwa mvuto wa pili, na magego mawili ya nyuma yalitoka karibu kwa vidole tu, yalivyokuwa yamelegea. Hamidu aliosha vidonda kwa maji ya chumvi. Mbwa alilala pale, akipumua kwa nguvu, mate yenye damu yakimtoka. Baadaye kidogo alisogea, akaweka kidevu chake juu ya mguu wa Sijaona.

Hamidu alichota udongo, akaanza kujisugua mikono. Sijaona alichukua kibuyu, akammiminia maji, akihesabu kwa ajili yake: moja, mbili, tatu, mpaka saba.

"Mwambie dada yako ni jino," Hamidu alisema akijikung'uta vidole. "Mwonyeshe. Jino kuoza ni jambo la kawaida, ataelewa. Hakuna atakayeuliza zaidi."

"Ndiyo," Sijaona alisema. "Hakuna."

Alilifunga jino katika jani, akaanza kupanda.

Jua lilikuwa limesimama juu ya paa la Pili alipofika. Halfani alilazwa kwenye mkeka barazani, macho yakiwa mekundu kwa homa. Pili alimwona mbwa kwanza, akasimama.

"Sijaona."

"Dada, subiri unisikie. Ukimaliza kunisikia, panga hili hapa."

Alilifungua jani, akaliweka jino mbele yao. Akawaambia alivyoona: ukoga, ufizi, usaha. Akawaambia mbwa aling'ang'ania nguruwe kwa jino hilo mpaka uchungu ukamshinda, na kwamba fimbo zote za jana zilikuwa dhuluma. Akasema Siti alimwonya tangu mavuno, naye alimjibu kwamba mbwa hunuka.

Pili alilishika jino, akaligeuza kwenye mwanga. Uso wake ukalegea. Halfani alijiinua kwa kiwiko.

"Kumbe jino," alisema, na hata akatabasamu. "Maskini Watasema. Nilijua hawezi kuniacha vile. Mama, kosa si la mbwa. Wala si la mjomba. Nani huchungulia mdomo wa mbwa?"

"Kweli," Pili alisema. "Nani huchungulia?"

Ilikuwa imekwisha. Sijaona angeweza kuketi, angepewa maji, angeulizwa habari za njiani. Alisimama vile vile, na masikio yake yalikuwa ya moto.

"Halikuoza lenyewe," alisema. "Nililivunja mimi."

Wakamtazama.

"Sikuwa Kitangari, Halfani. Siku mlipoondoka nilikuwa kichakani, nyuma ya shamba la mama yako. Mbwa alitaka kubweka. Nilimtia mpini wa panga mdomoni, nikamkalia."

Kuku alipita barazani, akadonoa karibu na jani, akaenda zake.

"Nilikuita," Halfani alisema.

"Nilikusikia."

"Nilisimama pale njiani nikakuita. Wenzangu walisema mjomba wako amejificha. Mimi niligombana nao. Mmoja wao nilimpiga kofi." Akautazama mkono wake. "Yule niliyempiga hakurudi."

Sijaona alifungua mdomo. Halfani alijilaza, akageukia ukutani.

Pili alilirudisha jino juu ya jani, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine. Alipozungumza hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa zito zaidi.

"Nenda nyumbani kwako," alisema. "Na mbwa wako umchukue."

Halfani hakufa. Homa ilimwacha mwezi ulipoandama, na jeraha likafunga, lakini mguu ulibaki kuwa mfupi. Watu walipata habari yote. Sijaona hakumwomba mtu aifiche. Njiani Halfani alimwamkia, "Shikamoo," akapita, kama anavyoamkiwa mzee yeyote wa kijiji kingine.

Sijaona alikwenda kulinda shamba la Halfani. Hakuombwa, wala hakufukuzwa. Alikwenda kila siku na mkuki wake, Watasema nyuma yake. Mbwa hakuweza kushika tena. Aliweza kubweka tu, na mtu mmoja mwenye mvi akikimbia tuta kwa tuta kufuata mbweko. Siku nyingine nguruwe walishinda. Siku nyingine hawakushinda.

Na kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, alipomaliza mswaki wake aliviringisha kitambaa kidoleni, akachovya katika mkaa na chumvi, akamwita mbwa. Hakujificha nyuma ya nyumba. Aliketi pale pale kwenye kigogo, kando ya njia ya maji, wanawake wakipita.

"Jamani, Sijaona anampiga mbwa mswaki!" walisema, wakishika mitungi isidondoke kwa kicheko. Siti alimsihi angalau aingie ndani. Alitikisa kichwa. Uso ulimwaka kila mara. Hakuuzoea ule moto. Aliendelea kusugua, kwanza mbele, kisha huku nyuma, na ukoga ulipogoma aliukwangua kwa kucha.

Siku moja mwanamke mmoja aliyecheka zaidi ya wengine alirudi na mbwa wake kwa kamba, akisema ni mzaha tu. Mbwa yule alikuwa na mfupa uliokwama kati ya magego. Baada ya hapo walikuja wengine, mmoja mmoja, wakijifanya wanapita.

Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha nyesha, na ardhi ilikuwa laini, Halfani alipotokea njiani akiegemea fimbo. Chini ya kwapa alibeba mbwa mchanga wa miezi michache, mwenye masikio makubwa kuliko kichwa. Siti alimwona kutoka jikoni, akarudi ndani.

Halfani hakuamkia. Alikaa chini mkabala na mjomba wake, mguu mbovu akaunyoosha, akamlaza mbwa mapajani. Kwa vidole viwili akamfungua mdomo, akamgeuza kuelekea jua. Meno yalikuwa madogo, meupe, yamechomoza juzi tu.

"Huku nyuma sioni vizuri," alisema, bila kuinua macho.

Sijaona alifuta mikono yake kwenye nguo, akasogea karibu.